Tundu Chini ya Kutu

Wapendwa, leo sitasimama sana. Magoti yangu hayataki, na nyinyi nawaona mmekaa kama watu waliotoka kupalilia. Nitawapa mfano mmoja tu, kisha twende nyumbani.

Alikuwepo mwashi mmoja. Si wa usharika huu, kwa hiyo msianze kutafutana kwa macho. Aliishi na mama yake mzazi, na mama huyo alikuwa na ugonjwa wa sukari. Mwenye sukari mnamjua, kwake kujikwaa ni habari nyingine kabisa. Mama alijikata na jembe juu ya kifundo cha mguu. Kidonda kikakauka juu, kikafanya kigaga, mama akasema nimepona. Mwashi alipoona mguu umevimba na unatoa harufu, akampakia kwenye pikipiki mpaka zahanati.

Nesi akakilowanisha kile kigaga, akakitoa. Chini yake kulijaa usaha. Akasafisha, akafunga bandeji, akasema, "Kila Ijumaa mrudi hapa. Usaha ukifika kwenye mfupa mimi sina uwezo tena. Mtakwenda hospitali ya mkoa, na kule mguu wataukata."

Basi zikaanza Ijumaa. Pikipiki yenyewe ilikuwa mzee mwenzetu, na tangi lake lilikuwa limeshika kutu ndani. Unga wa kutu unashuka na petroli, unaziba kabureta, pikipiki inazima. Inazima wapi? Palepale katikati ya kilima cha zahanati, mama akiwa nyuma. Mwashi anashuka, anafungua kabureta, anapuliza kwa mdomo, anatema petroli, anafunga, anapiga kiki. Wanakwenda mita mia mbili, inazima. Anafungua tena, anapuliza tena. Jamani, yule mtu aliijua kabureta kuliko alivyoijua Amri Kumi, lakini tangi hakuligusa. Kwa nini? Kwa sababu kupuliza kabureta ni dakika tano, na kusafisha tangi ni siku mbili. Nani kati yetu ana siku mbili?

Ijumaa ya nne pikipiki ikagoma kabisa. Wakamaliza kilima kwa miguu, mama akijikokota na kupumzika kwenye kila jiwe, wakamkuta nesi anafunga dirisha. Akawapokea, Mungu ambariki. Lakini kukisafisha kidonda kile ni kukikwangua, na mama aliuma pindo la kanga yake asipige kelele. Wakati wa kurudi akasema:

"Mwanangu, Ijumaa ijayo siendi."

"Mama, usiseme hivyo."

"Siendi. Nilikuja hapa na kidonda cha ukubwa wa kifungo cha shati, leo kimekuwa kama kifuniko cha soda. Yule binti ananichimba. Bora ningekaa na kigaga changu. Kilikuwa kimekauka, hakimsumbui mtu."

"Mama, nesi hakukiongeza kidonda. Kilikuwa hivyohivyo chini ya kigaga. Yeye amekifunua tu."

"Wewe unasema hivyo kwa sababu hukwanguliwi wewe."

Mwashi akampa mama bega aegemee. Akawaza moyoni: kukwanguliwa siwezi kumpunguzia, lakini pikipiki isipozima kilimani, huenda akakubali kwenda. Ikifika Ijumaa hakwenda, mguu ule unaondoka.

Jumatano akaomba ruhusa kazini. Akamwaga petroli kwenye dumu, mbali na jiko la mama, akalifungua tangi, akaliosha kwa maji na sabuni ya unga mpaka harufu ikapungua. Tundu la chini la kupitishia mafuta akaliziba kwa kipande cha mpira. Akalijaza maji ya ukwaju, makali, yale yanayokunja uso, akaliacha mpaka asubuhi. Alhamisi akachekecha kokoto ndogo, maana mwashi hakosi kokoto, akazitia ndani ya lile tangi pamoja na ukwaju wake. Akalifunga kifuniko, akalizungushia blanketi kuukuu, akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa akilitikisa mapajani kama mtu anayembembeleza mtoto mwenye homa. Anatikisa, anamwaga, anatia maji mapya, anatikisa. Mama yuko kizingitini, mguu kauweka juu ya kigoda, anachambua mchele. Hasemi sana. Bado ana kinyongo cha Ijumaa. Lakini kila tangi likimwagwa anauliza:

"Yanatoka rangi gani?"

"Kama chai ya rangi."

"Basi bado."

Anatikisa tena. Mikono ya mwashi imezoea tofali, lakini ilifika mahali ikaota malengelenge.

"Rangi gani sasa?"

"Kama maji ya kuoshea mchele."

"Bado kidogo."

Ilipofika saa tisa mchana maji yakatoka meupe. Meupe kabisa, wapendwa! Mwashi akatoa kokoto zote, akazihesabu kwa macho, akalikausha tangi juani. Kisha akalinyanyua na kuchungulia ndani kwenye mdomo wake. Badala ya giza, akaona mwanga. Nukta tatu za mwanga, chini kabisa, pale maji yanapotuama chini ya petroli mwaka baada ya mwaka. Akatia maji kikombe kimoja ahakikishe. Yakadondoka kwenye viatu vyake: to, to, to.

Mwafahamu kilichokuwa kimetokea? Bati lilikuwa limekwisha kuoza zamani, na kutu yenyewe ndiyo iliyokuwa imeziba matundu.

Yule mwanaume mzima akalirudisha tangi chini, akakaa kwenye ndoo yake, akashika kichwa. Siku mbili. Kesho ni Ijumaa. Akasema kwa sauti, wala hakuwa anamwambia mtu:

"Bora ningeliacha. Lilikuwa na kutu yake, lakini lilishika mafuta. Nimeliharibu kwa mikono yangu mwenyewe."

Mama akamwonea huruma. Mama ni mama, hata akiwa na kinyongo. Akaweka ungo pembeni, akasema kwa upole:

"Hukuliharibu, baba. Hayo matundu hukuyatoboa wewe. Yalikuwepo chini ya kutu. Umeyafunua tu."

Hapohapo akayasikia maneno yake mwenyewe. Na mwashi naye aliyasikia, maana yalikuwa yake, aliyasema njiani Ijumaa iliyopita akakosa wa kuyapokea. Wakatazamana, hakuna aliyecheka, walikuwa wamechoka mno kucheka. Mama akautazama mguu wake juu ya kigoda, akautazama muda mrefu.

"Kesho tunatoka saa ngapi?" akauliza.

"Mama, pikipiki haina tangi."

"Nimeuliza saa ngapi."

Kesho yake, kabla jua halijawa kali, watu wa njia ile waliona jambo. Waliona pikipiki isiyo na tangi, mama mtu mzima amekaa juu ya kiti chake na kanga yake safi ya kutokea, na mwanawe anaisukuma kupanda kilima, jasho linamtiririka. Vijana wa kijiweni wakapiga kelele, "Fundi, umesahau tangi nyumbani!" Akaendelea kusukuma. Anasimama, anaweka jiwe nyuma ya gurudumu, anapumua, anasukuma tena. Wakafika. Nesi akakwangua. Mama akauma kanga.

Tangi lililehemiwa wiki ya pili yake na fundi wa kuchomea, nalo likashika mafuta. Na mguu je? Najua mnautaka mguu. Mguu ulipona. Lakini ulipona Ijumaa ya kumi na tisa.

Sasa tuje kwetu sisi.

Tangu Pasaka tunakaa vikao vya suluhu kati ya nyumba mbili za humu ndani. Sitazitaja. Wenyewe wamekaa, mmoja upande wa madirisha, mwingine upande wa mlango, kama kawaida. Tulianza tukidhani ni habari ya mbuzi aliyekula mahindi. Mbuzi! Kikao cha pili likatoka la nani hakuja msibani, na ni msiba wa miaka kumi na moja iliyopita. Kikao cha tatu yakatoka maneno yaliyosemwa kisimani juu ya binti aliyekuwa anaposwa, na posa ikavunjika. Cha nne mmelia, wote wawili, kisha mkatoka bila kuagana.

Na tangu siku hiyo mnanijia mmoja mmoja, na wazee wa kanisa pia wananijia. "Mchungaji, bora tungeliacha. Mambo yamekuwa mabaya zaidi. Zamani angalau tulikuwa tunasalimiana."

Ni kweli, mlikuwa mnasalimiana. Kigaga nacho kilikuwa kimekauka.

Nani aliyeyatoboa matundu haya? Kikao? Mchungaji? Ndugu zangu, haya yalikuwepo. Tulikuwa tukiimba juu yake, tukila meza ya Bwana juu yake, na kila yalipotukwamisha njiani tulipuliza kabureta, tukapeana mikono mlangoni, tukaenda mita mia mbili. Wahenga walituonya, mficha maradhi kilio humfichua. Mnataka tusubiri kilio kipi? Mnataka mkutane tena makaburini, kila mmoja upande wake wa shimo?

Wala si nyumba mbili tu. Wewe uliyekaa katikati ukitikisa kichwa kwa kuwahurumia wenzako, tangi lako limezibwa na nini? Umelisafisha lini mara ya mwisho mpaka maji yakatoka meupe, au ulipoona yamekuwa kama maji ya mchele ukasema yanatosha?

Sitawadanganya kwamba kikao kijacho kitakuwa chepesi. Kitauma. Mje na kanga za kuuma. Najua pia kwamba mmechoka. Lakini Bwana wetu alipoita watu aliwaita waliochoka, hakuwaambia wakapumzike kwanza ndipo waje.

Yule mama alikwenda Ijumaa kumi na tisa. Sisi tumekaa vikao vinne.

Jumamosi saa tisa, chumba kilekile, viti nimeshavipanga. Asiyeweza kuja kwa nguvu zake aseme, tutakuja kumsukuma. Na mimi nimechoka, wapendwa. Nitakuwepo.