Utakaa Mpaka Lini?

Ndugu zangu, nipeni masikio kidogo, niwasimulie habari ya mama mmoja wa kule Rungwe, kwenye viazi na mvua isiyokwisha. Tumwite Mama Lusajo. Mumewe alikuwa fundi mwashi. Mwaka mmoja viazi vilioza vyote ardhini, nyumba ikakosa hata chumvi. Yule baba akafunga vifaa vyake kwenye mfuko, akavuka mpaka kwenda Zambia kutafuta kazi. Akasema, "Siku siijui, lakini nitarudi." Na kila Jumapili alipiga simu, na kila simu aliimaliza kwa neno hilohilo: "Narudi, mke wangu."

Mwaka wa kwanza yule mama aliumwa kwa kungoja. Akisikia gari limesimama barabarani, anaacha ugali motoni, anatoka mbio na unga mikononi. Jumatano, kwenye ibada ya akina mama, alisimama akilia: "Niombeeni, baba watoto arudi." Na wenzake wakalia naye.

Ikapita miaka sita. Viazi vikakubali. Mtoto akaenda shule ya bweni, mama akawa mtu wa biashara, madalali wanamtafuta. Jumatano bado alisimama: "Niombeeni, baba watoto arudi." Ila sasa akisema hivyo, jicho liko kwenye simu, dalali asije akampita.

Je, alikuwa mwongo? Msimhukumu haraka. Mtu anaweza kuliombea jambo mpaka ulimi ukalizoea, na moyo ukawa umeshahama bila kuaga.

Nyumbani alihitaji mahali pakavu pa kuweka mbegu. Akauza kile kitanda kikubwa, akanunua cha mtu mmoja, magunia yakajaa chumbani. Koti la mumewe akampa kibarua. Nani angemlaumu? Koti lilikuwa linaliwa na nondo.

Sasa, Alhamisi moja, saa sita mchana, yuko uani anashona magunia. Akainua macho. Mwanamume amesimama kwenye uzio, kichwa kimejaa mvi, begi moja begani.

"Mama Lusajo."

Akamtambua kwa sauti. "Baba Lusajo! Mbona hukusema kama unakuja leo?"

"Nilisema kila Jumapili, mke wangu."

Akampokea begi, akamwingiza ndani. Akampangusia kiti kwa kanga, kama tunavyompangusia mgeni, akamtengea chai. Mume akaangalia kupitia mlango wa chumbani, akaona kitanda cha mtu mmoja na magunia yamefika darini. Akanywa chai. Ndipo yule mama, kwa heshima kabisa, akauliza swali ambalo mke hamwulizi mume aliyerudi kwake:

"Utakaa mpaka lini?"

Mume akaweka kikombe chini. "Siendi tena. Nimerudi nyumbani."

Mama akageuza macho kwenye magunia.

"Unawaza nini?"

Alikuwa mkweli yule mama, hilo tumpe. Akasema, "Nawaza mbegu nitaziweka wapi."

Alipojisikia amesema hivyo, akaketi chini sakafuni. Miaka sita ya maombi, yamejibiwa, jibu limekaa mbele yake linakunywa chai, naye anawaza mbegu! Akalia kwa sauti. Kisha akainuka, akaingia chumbani, akashika gunia la kwanza, akaliburuta mpaka uani. Mume akavua shati, akashika upande wa pili. Mawingu yalikuwa yameshafunga. Mvua ikanyesha juu ya mbegu za msimu mzima, na yule mama hakugeuka kuzitazama.

Ndugu zangu, sisi tunaimba kwamba Bwana anarudi. Tunaimba vizuri, kwa sauti nne. Lakini akitokea leo mchana, si wengi wetu tungemwambia, "Bwana, subiri kidogo, nyumba yangu iko kwenye lenta, bado kuezeka"? "Subiri nimwozeshe binti, nipokee kiinua mgongo." Hatumkatai. Tunamheshimu sana, tunampa kiti cha mgeni. Tatizo letu si kwamba tumeacha kuamini. Tumejifunza kuishi vizuri bila yeye, na hakuna aliyetushtua.

Kulima si dhambi. Kujenga si dhambi. Lima, jenga, somesha watoto. Lakini ulipokuwa na njaa, ulipomzika mwanao, ulipolala wodini, ulimwita kwa jina usiku na mchana. Je, leo, chakula kipo na mwili una afya, bado unamkosa? Hilo ndilo swali, na mimi ninayeliuliza nimelia nalo wiki nzima.

Basi tuinamishe vichwa. Leo tusianze na "Uje, Bwana." Tuanze nyuma kidogo, pale tulipo kweli. Kila mtu aseme kwa sauti yake mwenyewe: Bwana, nipe tena kukutaka.