Sauti Tatu Zilizobaki

Kulikuwa na mama mmoja aliyefiwa na binti yake wa pekee, mwalimu wa muziki. Siku ya ibada ya mazishi mama huyo hakuomba hotuba wala kwaya. Aliomba kitu kimoja tu: mwanafunzi wa marehemu akae kwenye piano, apige kile kipande kifupi cha Kizungu ambacho binti alikuwa akikipiga nyumbani kila akitoka kazini. Dakika mbili. Hakina maneno. Mkono wa kushoto unarudia sauti zilezile taratibu, zinashuka kidogo kidogo. Mkono wa kulia unaimba juu yake kama mtu anayelia bila kutaka majirani wasikie. Katikati kinapandisha hasira mara moja, kisha kinachoka. Karibu na mwisho kinanyamaza kabisa. Halafu zinakuja sauti tatu nzito, za chini, ndipo kinakwisha.

Mama alikuwa amejikaza tangu siku ya msiba. Aliwaambia dada zake, "Nikizisikia zile tatu za mwisho, nitamruhusu mwanangu aende."

Kijana akapiga, tena akapiga vizuri. Akafika pale penye kimya, mikono ikabaki hewani. Na mshereheshaji, jamani, mshereheshaji akanyakua maiki!

"Makofi kwa kijana wetu! Sasa naomba niwatambulishe wageni waliotoka mbali..."

Mama akasimama. "Baba, bado. Hajamaliza."

"Pole sana mama, ratiba imebana. Mgeni rasmi ana safari."

"Zimebaki sauti tatu tu, baba yangu."

"Tutazipiga makaburini, mama. Keti."

Makaburini! Niambieni, nani kati yenu amewahi kuona piano makaburini? Wageni wakatambulishwa mmoja mmoja, hadi dereva wa mgeni rasmi. Kisha jeneza likatolewa, na mama akalifuata, kilio kimemkwama kifuani.

Naona mnatikisa vichwa. Mnamkasirikia mshereheshaji. Hata mimi damu inanichemka. Lakini ngojeni kwanza. Yeye alisema "makofi". Waliopiga ni akina nani? Kanisa zima! Watu mia tatu walimwona mama amesimama, na hakuna hata mmoja aliyesema, "Mwacheni kijana amalize."

Ndio sisi hao. Tunaingia nyumba ya msiba, mfiwa akinyamaza kidogo tu tunababaika, tunaanza: mapambio, hotuba, "Mungu amempenda zaidi". Nani katuambia kimya cha mfiwa ni nafasi iliyo wazi kwenye ratiba? Mtu yuko katikati ya kumlilia Mungu wake, sisi tunamkatiza, halafu tunajisifu kwamba tumefariji! Inaniudhi, na nanyi iwaudhi.

Kesho kutwa tunakwenda kwa ndugu yetu aliyemzika mkewe Alhamisi. Tukae naye. Akinyamaza, tunyamaze. Na sasa hivi msiniitikie "Amina". Hebu tujaribu kukaa kimya, tuone kama tunaweza.