Mtungi wa Mabao ya Sultani

Hapo zamani, mwaka gani Mungu ndiye ajuaye, mji wa Ndaruma ulikuwa na Sultani aitwaye Mwengo, aliyependa kandanda kuliko chakula. Yeye mwenyewe ndiye mlinda mlango wa timu ya jumba lake, na mazoezini hapakuwa na askari aliyethubutu kumfunga. Basi akaamini kwamba hafungiki.

Ikawa amewaalika Wafinyanzi wa Kitope waje kucheza siku ya Ijumaa. Akamwita Shomvi, fundi maskini wa kushona mipira, akamwambia, "Nasikia wajigamba kwamba watu wengi wakiulizwa hawakosi. Haya, niambie matokeo ya Ijumaa. Ukikosea hata bao moja, utahama mji huu wewe na mkeo."

"Ghaibu ni ya Mwenyezi Mungu, bwana wangu," akajibu Shomvi. "Mimi nitauliza tu."

Akaenda sokoni akauliza, na askari wamesimama karibu. Wote wakasema, "Sultani kumi, Kitope bila." Nami ninayesimulia, Mungu anisamehe uoga wangu, ningekuwapo ningesema kumi na moja.

Shomvi akaona hapo hapana ukweli. Akaweka mitungi miwili nyuma ya pazia, mmoja wa mabao ya Sultani, mmoja wa mabao ya Kitope. Kila mtu akaingia peke yake, akatia kokoto kwa kadiri ya mabao aliyoyatazamia. Wakaingia watu mia. Alipohesabu, mtungi wa Sultani ulikuwa na kokoto mia, wa Kitope mia nne.

"Bwana wangu, tugawe kwa watu mia," akasema. "Utafunga moja, utafungwa manne."

"Nani aliyezitia hizo za Kitope?"

"Pazia halikuniambia."

Ijumaa, baada ya sala ya alasiri, mpira ukaanza. Wale Wafinyanzi hawakuwa na habari ya adabu za jumbani, wakapiga kweli kweli. Jua lilipokaribia kuchwa ikawa manne kwa moja. Sultani akamtazama Shomvi, akatabasamu. Mpira ukaja unajikokota, hata bibi kizee angeudaka. Yeye akasogea kando, akauacha uingie.

"Matano, fundi," akasema. "Kafungashe."

Mke wa Shomvi akajifunika ushungi, akalia.

Shomvi akainama. "Bwana wangu, niliwauliza watu watakufunga mangapi. Wamekufunga manne. Hili la tano umelitoa mwenyewe, na sadaka haihesabiwi pamoja na mabao. Lakini kama nasema uongo, tangaza hapa mbele ya raia wako kwamba mpira ule ulikushinda kudaka."

Sultani akautazama ule mpira, akawatazama watu, nao wanachunguza vidole vya miguu yao. Akaanza kucheka, akacheka hata kilemba kikamdondoka.

"Kuliko nilitamke hilo," akasema, "afadhali ukae mjini, shetani we."

Akampa ng'ombe wa maziwa, na lango akampa mtu mwingine. Ndivyo nilivyoipokea, palipozidi ni ulimi wangu, Mungu aniwie radhi.