Mbia wa Ukunguni

Paukwa!

Pakawa!

Hamjaitikia nyote. Wa nyuma, sogeeni karibu. Hadithi hii haifai kusikilizwa na mtu aliye peke yake. Paukwa!

Pakawa!

Hapo zamani za kale, zamani ambazo hata bibi ya bibi yangu alihadithiwa tu, palikuwa na vijiji viwili, na katikati yake bonde. Kijiji cha huku, na kijiji cha ng'ambo. Watu wa huku na watu wa ng'ambo hawakuamkiana. Waliwahi kupigana mikuki kwa ajili ya malisho, damu ikamwagika huku, ikamwagika na kule. Tangu siku hiyo, wa ng'ambo akicheka, wa huku hufunga dirisha.

Ukaja mwaka wa kiangazi. Jua, jua, jua. Visima vikakauka. Mbuzi wakalamba mawe. Ikabaki chemchemi moja, chini kabisa bondeni. Na bondeni kukashuka ukungu.

Ukungu gani huo, kiangazi? Huku juu jua linapasua vichwa, kule chini kumetanda weupe mzito kama tui la kwanza, hautikisiki asubuhi, hautikisiki mchana.

Wakashuka wanawake wanne na mitungi yao. Hawakurudi. Wakashuka wanaume sita kuwatafuta, wakafuatana na mama mmoja mpita njia, muuza vyungu wa nchi ya mbali, aliyekuwa na kiu yake. Akarudi muuza vyungu peke yake.

"Mchawi huyu! Amewala wenzake!"

Watu wakaokota mawe.

Basi kijijini alikuwapo bibi mmoja, jina lake Bi Mashavu. Mfupi, mjane, anachechemea. Alikuwa amemzika mume, na amemzika binti yake wa pekee, Mize, aliyechukuliwa na homa akiwa na miaka saba. Hakuwa na mali wala cheo. Alikuwa na tabia moja tu: kuuliza kwanza. Akapita katikati ya mawe yale, chwe, chwe, chwe, akamshika muuza vyungu mkono.

"Mwanangu, umesikia nini kule chini?"

"Sikusikia kitu, bibi. Upepo tu. Biaaa... biaaa... kama mtu anayepuliza mdomo wa kibuyu. Lakini wenzangu! Mmoja alisema, 'Huyo ni baba!' Wote wakageuka. Wakasema, 'Kweli, ni sauti ya mzee.' Wakaacha njia, wakaingia matopeni wanacheka. Wanacheka, bibi! Tope likawafika kifuani, wanacheka. Likawafika mdomoni, wanacheka."

Mawe yakaanguka yenyewe mikononi mwa watu.

Bi Mashavu akakaa siku nzima akilitazama bonde. Muuza vyungu akafunga mzigo wake, akaenda zake. Jioni bibi akawaita watu.

"Kilichomo ukunguni kinaita kwa sauti za wafu wetu. Nasi kijiji kimoja, mfu wa mmoja ni mfu wa wote. Akiitwa mmoja, tunatoka sote. Tunamtaka mtu asiyewajua wafu wetu, amshike mkono anayeitwa."

"Nani huyo, bibi?"

"Wa ng'ambo."

Watu wakatema mate, hata wale ambao midomo ilikuwa imekauka.

Bi Mashavu hakungoja. Akazunguka bonde kwa juu, siku mbili, chwe, chwe, chwe. Akafika ng'ambo. Hakuna aliyemkaribisha. Akasema lake akiwa amesimama juani: wa huku na wa ng'ambo wafungane kamba, washuke wawili wawili. Kumbe na wao walikuwa wamepoteza watu tisa. Lakini kufungwa kamba na mtu wa huku? Wakaanza kutawanyika.

Akainuka mmoja, akataja jina lake na ukoo wake: Ngwali, mrina asali, kamba begani na kisu kiunoni.

"Mke wangu amejifungua juzi," akasema. "Ziwa halina maziwa. Nitashuka nawe, bibi. Lakini usidhani nimekupenda."

"Sikuja kupendwa, baba. Nimekuja kuteka maji."

Wakafungana, mkono kwa mkono, kwa kamba ile ya kurinia asali. Kila mmoja na kibuyu mgongoni. Wakashuka.

Kimya! Hakuna ndege, hakuna chura. Weupe mbele, weupe nyuma. Nyayo zikalia, chwa, chwa. Bi Mashavu akazisikiliza. Za kwake. Za Ngwali. Na za tatu.

"Mama."

Bibi akasimama.

"Mama, nywele zangu zimelowa. Njoo unikaushe."

Sauti ya Mize! Ile ile, na kile kithembe chake. Mguu wa Bi Mashavu ukatoka njiani. Ukazama mpaka kwenye goti. Kamba ikakaza: taa!

"Niache! Mwanangu ananiita!"

"Mimi sisikii mtoto, bibi."

"Unasikia nini?"

"Bia tu. Biaaa... biaaa."

"Sema tena."

"Nasikia bia tu."

"Sema tena!"

"Bia tu, bibi. Bia tu."

Bibi akalia kwa sauti. Huku analia, akauvuta mguu wake topeni, akaurudisha njiani.

Wakafika chemchemi. Bwagu, bwagu, vibuyu vikajaa. Wakageuka kurudi. Hatua kumi. Hatua ishirini. Ngwali akasimama. Uso ukambadilika. Mkono wake ukashuka kiunoni, ukatoka na kisu.

"Bibi. Ni Simai, ndugu yangu, aliyeuawa vita vile vya malisho. Amezama kiunoni. Anasema nikate kamba nikamvute." Akasikiliza tena. "Anasema nikuulize wewe, nani aliyemchoma mkuki."

Bi Mashavu akatega sikio. Biaaa... biaaa... Hakuna zaidi. Angeweza kusema sijui. Kisu kilikuwa juu ya kamba tayari. Uzi mmoja ukakatika: pwi.

"Ni mume wangu," akasema. "Nilijua tangu uliponitajia ukoo wako. Sikukwambia kwa sababu nilikuhitaji, na kosa hilo ni langu. Ukitaka kukata, kata. Lakini mimi simsikii Simai. Nasikia bia tu."

Uzi wa pili: pwi.

"Kweli husikii jina lake?"

"Sisikii, baba. Ningelisikia, ningelimwomba radhi."

Ngwali akakitazama kisu chake. Kisha akarudisha kisu kiunoni.

"Sema tena, bibi."

"Bia tu."

"Sema tena."

"Bia tu, mwanangu. Twende."

Wakapanda, mmoja anasema, mwingine analia. Na nyayo za tatu nyuma yao, chwa, chwa, mpaka ukingoni mwa ukungu. Hapo zikakoma. Ndipo wote wawili, kwa mara ya kwanza, wakasikia neno moja, kwa sauti ambayo haikuwa ya mfu yeyote wanayemjua.

"Na mimi?"

Hawakugeuka.

Siku ile mtoto wa Ngwali alinyonya. Kesho yake wakashuka wengine, wa huku na wa ng'ambo, wawili wawili. Wengine walifungwa kamba wamegeuziana visogo, lakini walifungwa. Watu wakawa wanaulizana, "Nani anakusikilizia bia leo?" Si bia ya chupa, wewe kule, acha kucheka! Aliyekusikilizia akaitwa mbia wako. Na kule kushikana kukaitwa ubia. Ndivyo nilivyohadithiwa.

Chuki haikuisha siku moja. Mwaka mzima Ngwali hakula chakula nyumbani kwa Bi Mashavu. Mwaka wa pili akapita mlangoni akasema, "Shikamoo, bibi." Akajibiwa, "Marahaba, baba." Basi. Mvua zikanyesha, ukungu ukainuka, hakuna aliyejua ulikwenda wapi.

Bi Mashavu akafa kwa uzee. Kaburi likachimbwa. Ikaulizwa, nani wa ukoo wake ateremke kumpokea? Hakuwa na mtoto, hakuwa na ndugu. Akatoka mtu nyuma, nywele nyeupe, akavua viatu, akateremka kaburini.

"Wewe ni nani wa marehemu?"

Ngwali akanyoosha mikono juu kumpokea.

"Mbia wake," akasema.

Hakuna aliyeuliza tena.

Wanangu, ndugu yako atalia unacholilia, na hilo ni jema. Lakini siku ukiitwa na kitakachokuzamisha, mtafute asiyekisikia, akwambie kweli hata kama kweli hiyo inamuumiza yeye. Hadithi yangu imekomea hapo. Mkirudi majumbani, rudini wawili wawili.