Siwema na Mti Mkavu wa Kilimani

Paukwa!

"Pakawa!"

Mbona mnaitika kama mna homa? Paukwa!

"Pakawaaa!"

Ndiyo hivyo. Sogeeni, na wewe Riziki acha kuchokonoa moto. Hapo zamani za kale, miti ilipokuwa na midomo, alikuwepo hondohondo mmoja, Bwana Hondo, na mkewe Siwema. Mnamjua hondohondo?

"Yule ndege wa mdomo mkubwa!"

Huyo huyo. Desturi yao ni hii: mke akitaka kutaga, huingia tunduni mwa mti. Mumewe humziba kwa udongo, akabakiza ufa mdogo wa kumlishia. Humo ndani manyoya ya mbawa humtoka yote. Hawezi kuruka, hawezi kutoka. Tegemeo lake ni mumewe tu.

Basi msimu ukafika. Siwema akasema, "Mume wangu, tukakae kwenye mkuyu wa mtoni, kwa mama. Tundu lipo, matunda yapo."

Hondo akafoka. "Mtoni kwa wakwe? Ndugu zangu watasema nimeolewa! Tutakaa kilimani kwetu, kwenye ule mti mkavu."

Siwema akaimba:

Mti mbichi una maji,
mti mkavu una moto,
mume wangu, nisikie.

Hakusikia. Wakaenda kilimani. Mti mkavu wenyewe ukasema, "Bwana Hondo, mimi si mti tena. Mimi ni kuni zilizosimama. Usimtie mkeo humu."

"Nyamaza! Nani kakuuliza?"

Siwema akaingia, maana mayai yalishambana. Hondo akaziba, udongo ukakauka ukawa mgumu kama jiwe.

"Bibi, kwa nini hakukataa?"

Alikataa, Riziki. Wewe umemsikia. Mumewe ndiye hakumsikia.

Siku zikapita. Siwema akataga mayai mawili, manyoya ya mbawa yakamtoka yote. Mchwa wakamwambia, "Dada, leo wamepita watu wa kuni na mkaa. Wameuchanja mti huu kwa panga, wakasema wataurudia."

Hondo alipoleta tunda, Siwema akamwambia ufani, "Baba watoto, bomoa ukuta. Nitashuka hata kwa miguu." Akaimba tena. Imbeni naye.

"Mti mbichi una maji, mti mkavu una moto, mume wangu, nisikie!"

Hondo akageuka, akawaona ndugu zake kwenye mti wa pili wakimtazama. Akasema, "Nikibomoa leo, kesho watasema natawaliwa na mke. Kula tunda lako."

Na tunda lenyewe alilitoa wapi? Kilimani hakukuwa na tunda hata moja. Kila siku aliruka hadi kwenye mkuyu ule ule wa mtoni, kwa mama mkwe! Kula huko aliweza, kukaa huko ndiyo aibu. Mjinga yule!

Siku ya tatu Hondo akiwa mtoni, watu wakaja na mashoka. Ta! Ta! Ta! Siwema akaugonga ukuta kwa mdomo, akaimba wimbo wake. Ndugu wa Hondo walisharuka, kila mmoja na njia yake. Hondo akarudi na tunda mdomoni, akakuta kisiki, na magogo yameshawashwa moto, yanafuka moshi.

"Na mayai, Bibi?"

Riziki, nimesema moshi.

Tangu hapo, kila msimu Hondo huenda mtoni kwenye mkuyu, akaliziba lile tundu kwa udongo, akabakiza ufa. Halafu hupitisha tunda, likaanguka ndani, pu! Huita, "Siwema, kula." Hupitisha jingine. Mama mkwe humtazama kutoka tawi la juu.

Wanangu, anayeogopa kuchekwa na ndugu zake, atakuja kulia na ndugu zake hawapo.

Hadithi yangu imekatika hapo, pale ulipokatwa ule mti. Nipeni maji ninywe, na kuni msiongeze tena leo.