Mzinga Kwenye Kiti cha Enzi

Palikuwa na Sultani mmoja, Darweshi jina lake, aliyependa asali kuliko alivyopenda watu wake. Akatunga sheria. Msitu wa bondeni ni wa Sultani, mtu asikate hata fito. Nyuki wake ni wa Sultani, mtu asiwafukuze. Mzinga usitundikwe popote ila kwenye mti wa Sultani. Na kila mwezi ukiandama, aletewe mtungi wa asali. Sheria nzuri, msinielewe vibaya. Ubaya wake, ilimbana kila mtu isipokuwa aliyeitunga.

Maana Sultani alipenda mivule pia. Akakata ya milango. Akakata ya dari. Akakata ya kiti cha enzi, kiti ambacho wangekikalia watu watatu na mbuzi wao. Ikabaki mivule michache kando ya mto, na humo ndimo ulimokuwa mzinga wa Machano, mrina asali, maskini wa kila kitu ila ulimi.

Sultani akamwita. "Kesho wakataji wanamaliza ile ya mtoni. Nataka kitanda kipya. Na asali yangu isipungue hata tone, ama utalala gerezani."

"Sawa, Bwana wangu," akasema Machano, akaenda zake. Mimi ningelia. Yeye alikwenda kutafuta kamba.

Alfajiri, nyuki wakiwa bado ndani, akauziba mzinga, akaubeba kichwani hadi barazani kwa Sultani. Sultani alipotoka kula, akamkuta anafunga kamba kwenye kiti cha enzi.

"Unafanya nini, wewe?"

"Natundika mzinga, Bwana."

"Kwenye kiti changu?"

"Sheria inasema kwenye mti wa Sultani. Mti wako ndio huu. Naujua tangu ulipokuwa na majani."

"Huu si mti. Hiki ni kiti!"

"Basi nionyeshe ulio mti, nikatundike huko."

Sultani akatazama dari. Akatazama milango.

"Si ipo ile ya mtoni?"

"Wakataji wanainolea mashoka sasa hivi. Kabla mwezi haujaandama nayo itakuwa kitanda. Nikaona nisiwasumbue nyuki wako kwa kuwahamisha mara mbili. Lakini ukipenda, nitawaleta chumbani."

Na hapo akazibua mzinga. Nyuki wakatoka kumjua mwenyeji wao.

"Wafukuzeni!" Sultani akawaambia askari.

"Sheria, Bwana," akasema waziri, ambaye alikuwa ameshafika mlangoni. "Mtu asiwafukuze. Uliitunga mwenyewe, baada ya chakula."

Nyuki mmoja akatua juu ya pua ya Sultani, akaanza kuikagua. Sultani akasema bila kufungua midomo sana:

"Wakataji warudi. Mivule ya mtoni isiguswe na mtu. Waziri, andika: hata na mimi."

Waziri akaandika, kwa mbali.

"Sasa ondoa mzinga wako, Machano."

"Mchana haiwezekani, Bwana. Wenyewe wako matembezini. Mzinga hubebwa jua likizama, wote wakisharudi."

"Na mimi, mpaka jua lizame, nikae wapi?"

"Kule bondeni ulikokwisha kukata, Bwana wangu. Hutaona nyuki hata mmoja."