Sultani Aliyejifunza Kubisha Hodi

Alikuwako katika mji wa Kaukabu, mji wenye milango saba na visima visivyojua kukauka, sultani mmoja aliyeitwa Dhulfikari bin Shahabu, na enzi yake ilikuwa kubwa hata mizinga ya ngome yake ilipolia, kahawa ilitikisika vikombeni katika miji ya jirani. Lakini habari hii haianzii kasrini, maana kasri zimekwisha kusimuliwa vya kutosha na walioishi nje yake hawajasimuliwa hata robo. Inaanzia nyuma ya mlango wa saba, kwenye kishamba kidogo cha majani mabichi, alikoishi Ruzuna binti Amrani na farasi wanne wazee: Kashata, na Subira, na Haraka ambaye hakuwahi kuharakisha jambo maishani mwake, na farasi jike mweupe aliyeitwa Marashi.

Siku hizo, na zilikuwa siku za kutamaniwa, watoto wa mji waliletwa pale kujifunza kupanda farasi, mtoto wa kadhi akisimama sawa na mtoto wa mchukuzi, wote miguu imejaa umande. Na somo la kwanza halikuwa juu ya mgongo wa farasi hata kidogo. Mwanafunzi alisimama mlangoni pa boma akaita, "Hodi!" kisha akangoja. Farasi akigeuza sikio na kusogea, basi amemkaribisha. Asipogeuka, mtoto aliita mara ya pili, na ya tatu, na kama hakujibiwa alikwenda zake nyumbani, kama afanyavyo mtu yeyote mwenye adabu kwenye nyumba ya jirani.

"Mgongo ni nyumba, mwanangu," marehemu Amrani alizoea kusema, huku akimsugua Marashi kwa konzi ya nyasi kavu, "na nyumba ya mwenzio huingii kwa kupiga mlango teke."

Amrani alikuwa amefariki mwaka wa pili sasa. Ruzuna alifundisha kwa maneno yale yale, na kila alipoyatamka aliisikia sauti ya baba yake ikitangulia kidogo mbele ya sauti yake, na asubuhi nyingine, akitandaza nyasi, alikisikia hata kikohozi chake upande wa pili wa boma, na alijua hakuna mtu, na bado aligeuka kutazama. Shamba lile lilikuwa ndilo lililobaki la Amrani duniani. Hilo ndilo la kukumbuka mnaposikia yaliyofuata.

Basi mwaka huo mfalme wa nchi za mbali alimletea Sultani Dhulfikari zawadi: farasi mweusi tii, mwenye singa za shingoni za rangi ya fedha, aliyenaswa katika Mlima Kafu, na pamoja naye pete ya akiki. Maandishi ya pete yalisema kwamba farasi yule ni jini, na madamu pete i kidoleni mwa mtu, farasi hawezi kumtoroka. Maandishi hayakusema kwamba atampenda. Sultani akafurahi mno, akatangaza kwamba siku ya Idi atakwenda kuswali juu ya mgongo wa jini, na mji wote ukapeleka kanzu kwa dobi.

Aliyekabidhiwa farasi ni Waziri Jabali, mkuu wa mazizi, mtu aliyeamini kwamba hakuna kiumbe asiyeelewa kiboko. Akampiga kiboko cha kwanza. Farasi hakurusha teke wala hakulia. Alirefuka shibiri moja. Waziri akampiga cha pili, naye akarefuka shibiri ya pili. Mtu mwenye akili angesita hapo, lakini Waziri hakusita, akampiga siku ishirini mfululizo, na siku ya ishirini paa la zizi lilikuwa limeng'oka, na watumishi walimlisha farasi kwa ngazi, na kunguru wakaanza kujenga kiota katikati ya masikio yake.

Mji ukaanza kunong'ona. Na katika kunong'ona jina la Ruzuna likatajwa, na Waziri akamwita barazani, si kwa ajili ya msaada bali kwa ajili ya kicheko.

"Wewe ndiwe binti Amrani," akasema, "mnaobishia wanyama hodi? Na mbuzi je, mnawaomba radhi kabla ya kuwakamua?"

"Wakati mwingine, Bwana Waziri," Ruzuna akajibu. "Ndiyo maana maziwa yetu hayamwagiki."

Baraza likacheka, na safari hii halikumcheka yeye. Ruzuna akamgeukia Sultani, akainama kama ipasavyo, kisha akainuka kama ipasavyo vilevile.

"Ewe Mtukufu, Mola akuzidishie umri na afya. Viboko vimepigwa siku ishirini, na farasi ameongezeka kila kiboko. Ikiwa hiyo ni dawa, basi ni dawa inayonenepesha ugonjwa. Nipe mimi farasi huyu, na kiboko kibaki hapa hapa kwa mwenyewe."

Waziri akawaka. "Mtukufu, na apewe! Lakini kwa sharti. Siku ya Idi ukifika msikitini juu ya mgongo wake, binti huyu aombe alitakalo. Usipofika, kishamba chake kiwe kiwanja changu cha kufunzia kwa viboko, na nitaanza na farasi wake wanne."

"Umekubali?" Sultani akauliza.

Ruzuna akamwona Marashi machoni mwake, mzee, mwenye magoti yaliyovimba. Akasema amekubali.

Akaenda mpaka kwenye zizi lililobomoka, akasimama nje, akaita hodi mara tatu. Farasi, juu kama mnara, hakutingisha hata sikio. Ruzuna akarudi nyumbani. Siku ya pili ikawa vivyo hivyo, na walinzi wakamzomea: "Bibi, umekosa nyumba au wenyewe wamesafiri?" Siku ya tatu alipoita, kichwa kikubwa kilishuka taratibu kutoka mawinguni, kunguru wakatawanyika, na sauti ikatoka iliyotetemesha mchanga.

"Mara mbili umekuja na mara mbili umeondoka. Mlango hauna komeo, wala ukuta haupo. Kwa nini hukuingia?"

"Hukunikaribisha, bwana."

Farasi akashusha pumzi ndefu, na katika pumzi ile akapungua shibiri moja.

"Karibu," akasema.

Akamfuata mpaka shambani bila kamba, na kila asubuhi Ruzuna alibisha, na kila asubuhi jini alipungua, hata akaweza kusimama bega kwa bega na Marashi wakala nyasi pamoja. Lakini Ruzuna alipomsimulia sharti la Waziri, jini alitikisa singa zake.

"Wewe nimekukaribisha. Huyo mwenye pete hajabisha."

Hivyo ndivyo Sultani Dhulfikari, mwenye milango saba, alivyokuja kuwa mwanafunzi katika kishamba, akiwa na kanzu ya kawaida na miguu iliyojaa umande. Akasimama mlangoni pa boma, akavuta pumzi, akapaza sauti, "HODI!" na hapo hapo akaingia. Farasi akarefuka shibiri.

"Nimesema hodi!" Sultani akalalamika.

"Umesema, Mtukufu," Ruzuna akamwambia, "kama mtu anayeita askari. Hodi si amri. Hodi ni swali, na swali lina haki ya kujibiwa hapana."

"Binti, maishani mwangu sijapata kubisha hodi. Kabla sijafika, milango hufunguliwa."

"Basi maishani mwako, Mtukufu, hujapata kukaribishwa."

Watu wamekatwa vichwa kwa maneno mepesi kuliko hayo. Sultani akamtazama, uso umemwiva, kisha akatoka nje ya boma, akageuza ndoo ya kunyweshea, akaikalia. Akakaa pale asubuhi ile nzima, na nyingine, na nyingine. Siku ya sita akasema polepole, bila kumwelekea mtu:

"Nilikuwa na yaya, jina lake Mwanahawa. Nikiwa mtoto wa miaka minne alikuwa akifika kwenye pazia la chumba changu anasema, 'Hodi, bwana mdogo.' Nami nilikuwa najificha nisimjibu, ili aseme tena. Alikuwa anasema tena. Hakuingia hata siku moja kabla sijacheka." Akajifuta uso kwa kanzu. "Nimesahau miaka arobaini kwamba kuna mtu aliyewahi kunisubiri."

Akasimama, akaliendea boma, na kwa sauti ya chini, sauti ya mtu asiyejua atajibiwa nini, akasema, "Hodi."

Jini akageuza sikio. "Karibu," akasema, akiwa sasa mrefu kama farasi mwingine yeyote.

Kwa siku zilizobaki Ruzuna alimfundisha Sultani kama alivyofunza watoto: kukaa bila kumkaba farasi kwa magoti, kushika hatamu kama mtu aliyeshika kifaranga, kutazama mbele na si chini. Sultani alianguka mara nne. Mara ya nne alicheka, na Ruzuna akahisi, kwa dakika moja tu, kwamba shamba limerudi kuwa la zamani, na kwamba akigeuka atamwona baba yake ameegemea boma.

Siku ya Idi ikafika. Mji ukajaa manukato na kanzu nyeupe, ngoma zikapigwa, na mizinga ikalia kutoka ngomeni. Mbele ya umma wote Sultani akasimama kando ya farasi.

"Hodi," akasema.

Farasi alikuwa akitetemeka kuanzia kwato hadi masikio. "Leo hapana," akajibu. "Mizinga hii inalia kama viboko vile."

Waziri Jabali akasogea mbele akitabasamu, akampa Sultani kiboko kwa mikono miwili, kama mtu anayetoa zawadi. "Pete unayo, Mtukufu. Na kama hutaki, basi sharti ni sharti, na shamba ni langu."

Hapo jini akamgeukia Ruzuna. "Ukinisihi wewe," akasema, "nitakubali. Kwa ajili yako nitakubali."

Neno moja. Neno moja tu lingemrudishia boma, na Marashi, na kikohozi kile cha asubuhi. Ruzuna alifungua kinywa, na machozi yakatangulia, na akajua kwamba akilisema neno lile atabaki na shamba la Amrani lisilo na Amrani ndani yake.

"Sikusihi," akasema. "Umekwisha kujibu."

Sultani alimtazama Ruzuna, akamtazama farasi, akakiangalia kiboko mkononi mwake, akakivunja gotini vipande viwili. Kisha akaivua pete ya akiki mbele ya watu wote, akaitupa katika kisima kilichokuwa karibu.

"Nenda kokote utakako," akamwambia jini. "Mimi naenda kuswali kwa miguu." Na kwa Waziri akasema, "Sharti lilikuwa mimi nifike juu ya mgongo wake. Nimeshindwa mimi, si binti huyu, na shamba lake ni lake. Na anayeshindwa ndiye hulipa. Tangu leo mazizi yangu yako chini ya binti Amrani, na wewe utakuwa mwanafunzi wake wa kwanza. Ndoo ya kukalia ipo."

Akaanza kutembea. Na jini, aliyekuwa huru kurudi Kafu kwa mruko mmoja, akaikanyaga taratibu ile njia ya mchanga kwa kwato zake, akatembea kando ya Sultani mpaka msikitini, bila kamba wala pete.

Ndoa ilikuwako, ingawa si ile mnayoitarajia. Sultani alimposa Ruzuna kwa heshima, na Ruzuna akamjibu kwa heshima kwamba hawezi kulala mahali asipowasikia farasi wakitafuna. Aliyeoa ni jini, akamwoa Marashi, na hadi leo hakuna ajuaye ni kadhi gani aliyewafungisha. Vitoto vyao vilizaliwa na singa za fedha, na magoti ya Marashi yakapona, na shamba likatajirika kwa vilio vya furaha vya watoto, na utajiri huo Ruzuna hakuwahi kuufungia sandukuni.

Leo ukuta wa Kaukabu umesogezwa na shamba halipo tena, pamejengwa soko. Lakini wazee waliojifunza pale wakipita asubuhi, kabla maduka hayajafunguliwa, hupunguza mwendo, maana wanasikia harufu ya nyasi kavu, na wanasema enzi zile watu walipanda farasi vizuri. Nao waliotusimulia wakatuachia neno hili: anayetii kwa kuogopa huongezeka chuki asipoonekana, na ukubwa wa mtu hupimwa siku anapoambiwa hapana. Aliyesikia na amsimulie mwenziwe, nasi tumepumzisha ulimi.